Trela na matangazo ya televisheni: mtu atazame nini ili auone ufundi wake?

Mtazamaji_Mpole ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina swali nililolibeba kwa muda mrefu, na nimekuwa nikiona haya kulitoa kwa sababu nyumbani kwangu huchekwa kila nikiligusia. Mimi hupenda trela za filamu na matangazo ya biashara ya televisheni kama wengine wapendavyo mashairi. Filamu yenyewe naweza nisiitazame kabisa, ilhali trela yake nimeirudia mara kumi. Na tangazo likikatiza kipindi, wenzangu wanapoinuka kujinyoosha, mimi ndiye ninayebaki nimekodoa macho. Mke wangu husema mimi ni mteja wa ajabu, ninayelichukua tangazo na kuiacha bidhaa.

Shida yangu ni kwamba napenda bila kujua ninachokipenda. Chukueni mfano wa trela ya filamu ya Alien ya mwaka 1979. Hakuna mtu anayezungumza humo hata neno moja. Tunaonyeshwa yai, yai linapasuka na mwanga unatoka ndani yake, kisha zinafuata picha za watu wanaokimbia na nyuso zilizojaa hofu, huku mlio kama wa king'ora kinacholia kwa uchungu ukijirudia mpaka unatamani kuziba masikio. Mwisho kabisa yanaandikwa maneno machache, kwamba huko angani hakuna atakayekusikia ukipiga mayowe. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara mwili hunisisimka, lakini ukinitaka nikusimulie kisa cha filamu hiyo kwa kutegemea trela peke yake, sitaweza. Nimesisimkwa na kitu ambacho sikuelezwa.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili. La kwanza, mtu anayetaka kuuelewa ufundi huu aanzie wapi, na atazame nini hasa? La pili, ambalo ndilo linaloninyima amani, je, huu ni ufundi wa kuheshimiwa, au ni hila tu ya kuuza tiketi na sabuni, nami nimenaswa kama samaki anayeisifu ndoana?

Mkasi_Mkononi amejibu:

Ndugu Mtazamaji, usione haya hata kidogo. Mimi ni mhariri wa video, na katika kazi zangu zimo trela kadhaa za filamu ndogo ambazo wengi hapa hawajazisikia. Nitajibu swali lako la kwanza, na la pili nitawaachia wenye subira kuliko mimi.

Anza na hesabu. Filamu ya sinema hupita kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Trela ya dakika mbili na nusu ina picha 3,600, na filamu ya saa mbili ina picha 172,800, maana yake ni kwamba hata kama kila picha ya trela imetoka ndani ya filamu, mhariri amechukua sehemu moja kati ya 48 na kuziacha 47. Watu huutafuta ufundi wetu katika ile sehemu moja inayoonekana, wakati kazi kubwa imefanyika katika zile 47. Hicho ulichokieleza kuhusu yai ndicho chenyewe: umeonyeshwa yai likipasuka, ukanyimwa kilichotoka, na tangu hapo kichwa chako ndicho kilichoendelea kuitengeneza filamu.

Nikupe mfano wa mkononi mwangu. Katika trela yangu ya kwanza kulikuwa na tukio la mwanamke anayeufikia mlango usiku. Niliuongeza muziki hatua kwa hatua, ukapanda pamoja naye hadi mlangoni, mlango ukafunguka, na mtazamaji akaona kilichokuwa nyuma yake. Nilijiona bingwa. Mhariri mkongwe niliyekuwa nikifanya naye kazi alitazama mara moja tu, akaniambia niukate muziki picha sita kabla kitasa hakijazunguka, nibakize sauti ya kitasa peke yake, kisha niingize giza na jina la filamu. Picha sita ni robo ya sekunde. Nilibisha, maana niliona anauua wakati mzito kuliko yote. Tulipowaonyesha wenzetu matoleo yote mawili, kwenye langu waliegemea viti na kutikisa vichwa kwa kuridhika, kwenye lake walisogeza miili mbele, na mmoja akauliza, "Kulikuwa na nini?" Swali hilo ndilo tiketi.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalokupa ni hili: itazame trela unayoipenda ukiwa umezima sauti, kisha isikilize ukiwa umefumba macho. Utashangaa kukuta kwamba mara nyingi sauti ndiyo inayoongoza na picha ndizo zinazofuata. Wengi wetu hutanguliza sauti, yaani tunachagua mazungumzo, tunayapanga upya, tunaweka muziki, tunapima mahali pa kimya, na picha huja baadaye kama udongo unaokandikwa juu ya fito. Sikiliza pia namna sauti ya tukio lijalo inavyotangulia kabla picha yake haijaingia. Mtu anasema jambo huku sisi bado tunatazama barabara tupu, na jicho linavutwa kumtafuta msemaji. Ukishaigundua mbinu hiyo mara moja, hutaacha kuiona tena.

Muziki nao una kisa chake. Trela nyingi hutengenezwa filamu ikiwa haijakamilika, na muziki wake halisi bado haujatungwa, hivyo mhariri huazima. Mwaka 2002 trela ya The Two Towers ilitumia muziki wa Clint Mansell uliotungwa kwa ajili ya Requiem for a Dream, filamu ya mwaka 2000 inayohusu watu walioangamizwa na dawa za kulevya, ukiwa umepangwa upya kwa okestra kubwa na kwaya. Filamu hizo mbili hazina undugu wowote, na bado muziki ule ulikaa pale kama uliozaliwa pale. Na mwaka 2010 trela ya The Social Network, kazi ya kampuni ya Mark Woollen, ilichukua wimbo wa bendi ya Radiohead na kuutoa kwa sauti za kwaya ya wasichana kutoka Ubelgiji. Kabla ya kutuonyesha muigizaji yeyote, inatupitisha polepole katika kurasa za mtandao za watu wasio na majina: picha za sherehe, ombi la urafiki, kitufe kinachobofywa. Kisa cha vijana wa kompyuta wanaogombea fedha kikageuka habari ya upweke. Baada ya hapo zikafuata trela nyingi mno zenye nyimbo za zamani zilizopunguzwa mwendo na kuimbwa kwa sauti ya kusikitisha, na nyingine kati ya hizo ni afadhali zingenyamaza.

Nukta_na_Mkato amejibu:

Nyongeza fupi kuhusu jina, kwa kuwa linachekesha. Trela ni kitu kinachokokotwa nyuma, na jina hilo lilikuwa sahihi mwanzoni, kwa sababu vipande hivi vilionyeshwa baada ya filamu kwisha. Wenye sinema wakaona watazamaji wanainuka na kuondoka, wakavihamishia mbele, na jina likabaki nyuma. Mwaka 1913 Nils Granlund, aliyesimamia matangazo ya majumba ya sinema ya Marcus Loew huko New York, alitengeneza filamu fupi ya kutangaza mchezo wa muziki wa jukwaani, na mara nyingi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa trela ya kwanza. Kuanzia 1919 kampuni ya National Screen Service ndiyo iliyoshika sehemu kubwa ya kazi hiyo Marekani kwa miongo kadhaa, na ndiyo sababu trela nyingi za zamani zinafanana kama mapacha, zikiwa na herufi kubwa zinazorushwa juu ya picha kwa mbwembwe.

Ndugu Mtazamaji, ukitaka kuona mtu aliyeuvunja mtindo huo, tafuta trela ya Psycho ya mwaka 1960. Ina zaidi ya dakika sita, na Alfred Hitchcock mwenyewe anatutembeza katika nyumba na hoteli ya filamu kama mwenyeji anayeonyesha mali yake kwa wageni. Anaanza kueleza lililotokea ngazini, anasita, anauacha usemi njiani na kusonga mbele. Sauti yake ni ya upole, muziki una utani ndani yake, na kwa muda wote huo hatuonyeshwi mauaji yoyote. Halafu anafika bafuni, analivuta pazia, na mwanamke anapiga yowe. Mwanamke huyo ni Vera Miles, ilhali katika filamu anayeoga pale ni Janet Leigh. Trela nzima imejengwa kwa sentensi zilizokatizwa.

Sekunde_Thelathini amejibu:

Wenzangu wameisemea trela, nami naomba nilitetee tangazo la biashara, ambalo kwa maoni yangu ni kazi ngumu zaidi. Trela ina mtaji: waigizaji wanajulikana, matukio yameshapigwa picha kwa gharama kubwa, na mtu aliyekaa katika sinema amekuja akiwa tayari kutazama. Tangazo halina hata kimoja kati ya hivyo. Linaingia bila kukaribishwa, mbele ya mtu aliyekasirika kwa kukatiziwa kipindi, na kitu linachokizungumzia ni cha kawaida kabisa. Lile linalotajwa kuwa tangazo la kwanza halali la televisheni, la saa za Bulova, lililorushwa New York tarehe 1 Julai 1941, lilichukua sekunde 10 tu kwa malipo ya dola 9, na lilikuwa ni uso wa saa juu ya ramani ya Marekani. Kazi yote ya ubunifu iliyofuata ilizaliwa kutokana na ukweli kwamba uso wa saa peke yake humchosha mtu upesi.

Ninalolipenda kuliko yote ni la gari la Volkswagen la mwaka 1964, kazi ya wakala wa matangazo aitwaye DDB. Ni la rangi nyeusi na nyeupe. Kunapambazuka kwa shida, theluji imefunika kila kitu, na gari dogo linapita taratibu katika barabara ambayo haijakanyagwa na mtu, taa zake zikimulika mbele. Kwa muda mrefu hakuna anayesema lolote. Unasikia injini tu. Gari linafika kwenye banda, dereva anashuka, na ndipo sauti inapouliza kama umewahi kujiuliza mtu anayeendesha mtambo wa kuondoa theluji huufikiaje huo mtambo. Kisha mtambo wenyewe unatoka bandani, mkubwa, na kupita mbele yetu.

Hebu tazameni uchumi wa kazi hiyo. Hakuna aliyesema kwamba gari ni imara, hakuna aliyetaja nguvu za injini, wala hakuna jirani anayesifu. Kuna swali moja ambalo jibu lake tumekwisha kulitazama kwa macho yetu kabla halijaulizwa. Waandishi wengi wa matangazo wangeanza na swali, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kumshika mtu; hawa waliliweka mwishoni, na kwa kufanya hivyo waligeuza picha zote zilizotangulia kuwa ushahidi. Nimelitazama mara nyingi nikijaribu kuona ningelipunguza wapi, nikashindwa.

Kuna aina nyingine ya ufundi, ile ya subira. Tangazo la Honda la mwaka 2003, lililotengenezwa na Wieden+Kennedy ya London, linachukua dakika mbili kuonyesha vipuri vya gari vikisukumana kimoja baada ya kingine katika chumba kitupu: gurudumu la meno linabiringika na kugonga kingine, vipangusio vya kioo vinajikokota sakafuni, na matairi yanapanda mteremko yenyewe. Hayo matairi hayakusaidiwa na kompyuta. Yaliwekewa uzito ndani, ili yakiguswa kidogo tu uzito uyavute juu. Palihitajika majaribio mengi mno, na idadi inayotajwa ni 606. Ujanja wa kompyuta uliotumika ni wa kuunganisha vipande viwili vya dakika moja moja, kwa kuwa chumba hakikutosha, na kiungo kiko pale bomba la moshi linapobiringika sakafuni. Nimekwisha kuambiwa kilipo, na bado sikioni.

Mwenye_Shaka amejibu:

Nimesoma kwa furaha, lakini naona swali la pili la Ndugu Mtazamaji linakwepwa. Mhariri wetu ametusimulia kwa fahari kwamba aliwanyima watu kilichokuwa nyuma ya mlango. Sawa. Lakini je, kama nyuma ya mlango hapakuwa na kitu?

Mwaka 2005 mhariri mmoja wa New York alichukua picha za The Shining, filamu ya kutisha ya mwaka 1980, akazipanga upya, akaongeza sauti ya msimulizi mchangamfu na wimbo wa kuburudisha, ikatoka trela ya vichekesho vya familia kuhusu baba na mtoto wanaojifunza kupendana. Ilisambaa sana katika intaneti na watu wakacheka, nami nilicheka. Baada ya kucheka nikafikiri: ikiwa picha zilezile zinaweza kuuza filamu ambayo haipo, trela inanipa ushahidi gani kuhusu filamu iliyopo? Trela za Rogue One mwaka 2016 zilionyesha shujaa akikabiliana uso kwa uso na ndege ya adui kwenye daraja la chuma, picha nzuri kweli, ambayo katika filamu haimo. Na baada ya filamu ya Yesterday ya mwaka 2019, watazamaji wawili walifungua kesi Marekani kwa sababu muigizaji Ana de Armas, waliyemwona katika trela, alikuwa ameondolewa kwenye filamu. Studio ilijitetea kwamba trela ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba 2022 jaji aliamua kwamba trela ni usemi wa kibiashara, na kwamba sheria za matangazo ya udanganyifu zinaweza kuihusu.

Angalieni kilichopo hapo. Siku ya sifa wanasema ni sanaa, na siku ya mashtaka wanasema vilevile ni sanaa. Mimi nasema ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa kutimizwa.

Na kuna kosa la upande wa pili, la kusema kupita kiasi. Trela ya Cast Away ya mwaka 2000 ilituonyesha mapema kwamba yule aliyepotea kisiwani anarudi nyumbani. Sasa nikae saa mbili nikihofia nini?

Mkasi_Mkononi amejibu:

Mwenye_Shaka, umenibana, na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Niongeze tu kwamba picha isiyo katika filamu si lazima iwe imewekwa kwa nia mbaya: tulipoipokea ilikuwa katika filamu, nasi hatukuwapo mwongozaji alipoikata miezi baadaye. Hilo linaeleza ilivyotokea bila kumrudishia mtazamaji fedha yake, najua.

Lakini kuhusu kipande cha The Shining, naona umechukua somo moja ukaliacha lingine. Kichekesho kile kinamfaa hasa mtu anayetaka kujifunza, kwa sababu picha hazikubadilika na maana ikabadilika, hivyo chochote kilichoongezeka ni kazi ya mhariri, imetengwa peke yake mezani kama mfupa uliosafishwa. Palipokuwa na mtu aliyekodoa macho kwa kichaa, ukiweka mkato mapema kidogo na wimbo mwepesi chini yake, unampata baba aliyechoka na kazi. Tofauti ni chini ya sekunde moja.

Kuhusu trela zinazosimulia kila kitu, sina utetezi. Wanaoagiza kazi huogopa kimya. Huuliza mbona hatujaonyesha mlipuko, mbona hatujaonyesha busu, na mhariri asiye na jina kubwa huongeza mlipuko na busu. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mtazamaji_Mpole amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati, na Mwenye_Shaka namshukuru zaidi kwa kutoniacha nijipongeze mapema.

Jana usiku nimelifanya zoezi. Trela ya Alien bila sauti ilinishangaza kwa jinsi ilivyopungua makali: zilibaki picha za watu wanaokimbia ndani ya korido, na ningeweza kuamini wamechelewa kazini. Nilipofumba macho na kusikiliza tu, nilivumilia kama sekunde ishirini hivi nikayafumbua, jambo ambalo sitalisimulia hapa nyumbani.

Kisha nikalitafuta lile tangazo la gari katika theluji, nikalizima sauti na kumwita mke wangu bila kumweleza lolote. Alitazama gari likienda, likafika bandani, mtambo ukatoka. Akaniuliza, "Sasa huyu mtu alikwenda kazini, ndiyo nini?" Nikalirudia likiwa na sauti. Swali lilipoulizwa akanyamaza kidogo, akaniambia nilirudishe nyuma kwa sababu hakuwa ameitazama barabara sawasawa mara ya kwanza. Tumelitazama mara tatu. Anataka kujua kama yupo anayelijua tangazo lingine la mtindo huo, ambalo swali lake huja mwishoni.